Gunia la Mama na Moto wa Salongo

Mama yangu alipokuja kwetu Kolwezi, alisema amekuja kutusalimia tu. Alishuka kwenye lori lililotoka pande za Kapanga, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiwa na gunia moja la katani lililofungwa kwa kamba. Akaliweka kwenye kona ya sebule, karibu na mlango, na pale likakaa. Nilimwonyesha kabati. Akalisifu kabati, akapitisha mkono juu ya mbao zake, kisha akarudi kwenye gunia, akatoa kitenge cha kuvaa kesho yake, akalifunga tena. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mgeni akiingia angedhani mama yangu yuko mbioni kuwahi lori.

Sababu ya gunia kukaa mlangoni ilikuwa mume wangu. Msinielewe vibaya, walipendana sana, ila kwa mbali, jinsi kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanavyotakiwa kupendana. Mama hali chakula machoni pa mkwewe. Hawapeani mkono, hawaitani, na kitu hakitoki mkononi mwa mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine. Kinawekwa chini, au kinapita kwa mtu wa katikati. Mwanamke mwenye heshima zake hakai kwa mkwewe zaidi ya kusalimia, na mama yangu ana heshima za kugawia mtaa mzima zikabaki.

Kwa hiyo walikwepana, ndani ya nyumba yenye sebule moja na mlango mmoja wa uani. Mume wangu akitoka kazini alianza kukohoa tangu kwa jirani, ili mama apate muda wa kujifunika kitenge na kuhamia nyuma. Mama naye akitoka chumbani alikohoa, ili mume wangu apate muda wa kukumbuka jambo la kufanya barabarani. Kwa kusikiliza tu ungedhani nyumba yetu ni wodi ya kifua kikuu.

Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Jioni walikaa wote wawili uani, mmoja kamgeuzia mwenzake mgongo, na mimi katikati na mbabula yangu, jiko la makala, yaani makaa, nikikoroga bukari, ugali wetu.

"Ambia mama, kule kwabo mvula ilinyesha muzuri?" mume wangu anauliza.

Mama amesikia kila neno, maana mgongo una masikio. Lakini hatikisiki. Mpaka nigeuke: "Mama, anauliza kule kwetu mvula ilinyesha muzuri?"

"Ambia bwana yako, ilinyesha."

Nageuka tena: "Ilinyesha."

"Ah," anasema mume wangu, kana kwamba ndiyo kwanza habari imefika kutoka huko kwetu Musumba.

Nacheka sasa, lakini wakati ule sikuwa na raha. Baba alikwisha fariki, sina ndugu wa tumbo moja, na mama alikuwa anaishi peke yake na goti lake bovu huko ambako barabara ikiharibika hakuna anayefika. Nilitaka abaki. Nilitaka sana, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu niolewe. Mume wangu naye alitaka, ila yeye alitaka kwa kukohoa.

Sasa niseme habari ya nyasi. Mtaa wetu ni wa mwisho upande ule wa kwenda Musonoi. Nyuma ya ua wetu wa matete kuna pori linaloteremka mpaka kijitoni, na ng'ambo ya kijito ni waya wa mgodi na milima ya udongo iliyotolewa shimoni. Zamani pori lile lilikuwa na miti kila mahali. Sasa imebaki michache, ile ambayo viwavi tunaowala hushuka kwa wingi mvua zikianza, na ndiyo maana hata wachoma makala waliionea haya. Kwingine kote ni nyasi, zinazompita mtu mzima kichwa. Mwaka uliotangulia, mwezi wa tisa, kila kitu kikiwa kikavu, moto ulizuka huko chini, pengine kwa watu waliokuwa wanawinda panya. Ukapanda na upepo, ukala jiko la jirani yetu lote, ukaishia kwenye kamba yangu ya kuanikia. Baada ya hapo mkuu wa mtaa, ambaye sote tunamwita shefu, akapiga marufuku moto wowote ule ulio nje ya mbabula.

Mama alikuja masika yakiisha. Kila siku alikwenda nyuma ya ua, akasimama mikono kiunoni, akazitazama zile nyasi jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa sana.

"Mama, uko unaangalia nini huko?" nikamuuliza.

"Majani. Hii yote inangoja nani?"

"Shefu alikatazaka moto."

"Alikataza moto, sawa. Na majani, alikataza isikauke?"

Kwao, akaniambia, nyasi za karibu na nyumba huchomwa mapema, baridi ikianza, wakati chini bado kuna ubichi. Moto huo ni mfupi, unatambaa, unaacha mti na unaacha mizizi. Ukingoja mwezi wa tisa, unakuja moto mwingine, wa kukimbiza watu. Hayo nami niliyajua, nilikua nayo. Ila mtu akikaa mjini anazoea kudhani kwamba jambo likishapigwa marufuku basi limekwisha.

Kisha mama akaongeza lile lililonikata maini.

"Kama hapa habachome, mi naenda mbele ya mwezi wa tisa. Sipendi kufwa na moto mu nyumba ya bukwe. Ile haya gani!"

Alisema hivyo makusudi kwa sauti ya juu. Upande wa pili wa ua, mume wangu alikohoa mara moja, akavaa kofia, akatoka. Alikuwa amekwenda kwa shefu.

Shefu wetu ni mtu mwema anayevaa koti hata jua likichoma. Alikuja kesho yake, akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akanywa chai, akatazama nyasi, akatazama jiko jipya la jirani. Aliona hatari sawasawa na sisi. Kilichomtesa ni kwamba marufuku ilikuwa yake mwenyewe, aliitangaza mbele ya watu wote kwa kipaza sauti, na sasa atoke vipi?

"Moto, hapana," akasema mwishowe. "Mi siwezi kuambia batu bachome. Lakini salongo, ile niko na haki ya kuiita."

Salongo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, kila mtu na jembe lake na fagio lake.

"Na kama mu salongo majani inawaka?" mume wangu akauliza.

Shefu akanywa chai yake mpaka chini. "Kama inawaka mu salongo, iko salongo."

Basi salongo ikaitwa. Mama ndiye aliyeisimamia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, na pia kwa kuwa asingekubali mwingine asimamie. Mume wangu akawa kiongozi wa kazi upande wetu. Mtakumbuka kwamba hawaongei. Siku ile nilikimbia kati yao mpaka kandambili ikakatika.

"Ambia bwana yako, njia ikuwe mupana. Ile iko kanjia ka panya."

Nakimbia. "Anasema panua."

"Ambia mama, tukipanua tutagusa muhogo wa jirani."

Narudi. "Anasema kuna muhogo."

"Ambia bwana yako, muhogo utaota tena. Nyumba, hapana."

Tukalima njia ndefu kati ya nyumba na nyasi, tukang'oa kila kilichokuwa na rangi ya jani, kisha wanawake wakaifagia. Hapo nilituonea fahari. Mwanamke wa Kolwezi anafagia kiwanja chake kila asubuhi mpaka udongo unang'aa, na akipewa udongo wa kufagia hata porini haulizi kwa nini. Tukasafisha pia chini ya ile miti ya viwavi, mmoja mmoja. Nguo zikaanuliwa. Jirani mwenye pumu akapelekwa kwa dada yake mjini. Mama akalamba kidole, akakinyoosha juu, akasema tungoje jua literemke, upepo uchoke.

Likabaki suala la kitu cha kupigia moto. Mama akataka matawi mabichi, kila mtu na lake. Lakini matawi gani? Miti yenyewe ni ile michache, na mama huyohuyo alikuwa ametishia kumchapa yeyote atakayevunja hata kijiti. Hapo vijana waliopanga nyumba ya jirani, wachimbaji wa mkono waliotoka Kasai, wakasema, "Mama, usisumbuke. Masaki iko."

Wakaleta magunia yao, yale meupe ya nailoni wanayobebea mawe ya shaba kutoka mashimoni. Kwetu gunia lile ndilo jibu la kila swali. Ndilo mlango wa choo, ndilo paa la banda la mbuzi, ndilo godoro la mgeni. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, na shefu aliwapongeza hadharani. Mama alilishika moja, akasema ni jepesi, linafaa kwa mkono wa mtu mzima. Tukayalowesha kwenye mapipa, kila mtu akashika lake, tukajiona jeshi.

Mama akachukua kishada cha nyasi kavu, akakiwasha kwenye mbabula yangu, akakitembeza taratibu kando ya njia, upande ambao moto ungelazimika kwenda kinyume na upepo. Nyasi zikashika. Ndimi zilikuwa fupi, za kufika gotini, na moto ukaondoka kwetu kinyumenyume, ukitafuna kidogokidogo na kuacha weusi. Mwewe wakaja kudaka panzi. Shefu akafungua kifungo kimoja cha koti. "Salongo inaendelea muzuri sana," akatangaza, ingawa sote tulikuwa tumesimama karibu naye.

Ulikuwa moto mzuri, nasema kweli. Nilimtazama mama, kitenge kimefungwa kifuani, uso unang'aa kwa joto, na nilimwona amekuwa msichana. Nikajiambia, sasa atakaa.

Kisha upepo ukaamka ghafla. Ulitoka ng'ambo, kwenye ile milima ya udongo, ukaja moja kwa moja usoni kwetu, na moto uliokuwa unatuaga ukaamua kurudi kwa kupitia nyasi za pembeni ambazo hazijaungua. Ulipofika kwenye njia, vijana wakainua magunia, wakapiga. Pigo la kwanza lilitoa mvuke, tukashangilia. La pili pia. La tatu, maji yakawa yamekwisha, na magunia yakaanza kujikunja, yakasinyaa, yakadondosha matone yanayowaka. Kila aliyepiga moto alikuwa anaugawa. Moshi mweusi, harufu ya kukaba koo, na kijana mmoja akazungusha gunia lake nyuma kwa nguvu zake zote, kipande kikachomoka, kikaruka njia yetu pana iliyofagiwa vizuri, kikatua kwenye ua wetu wa matete.

Matete yakalia. Nyuma ya matete ni jiko, na nyuma ya jiko ni akiba yangu ya makala.

Mume wangu alikuwa wa kwanza kufika. Mkononi alikuwa na kilichobaki cha gunia lake, uzi mtupu. Akajaribu kulitumia hivyohivyo, kwa vile mtu anayehangaika anatumia alichonacho. Mimi nilisimama nikipiga kelele, kazi ambayo ilikuwa tayari na watu wengi.

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani na goti lake bovu hivyohivyo. Sikuona alichofanya, niliona tu baadaye: vitenge vyake, Biblia yake, picha ya baba, sufuria yake ndogo, vyote vimemwagwa sakafuni mlangoni. Akatoka na gunia la katani mkononi. Akalizamisha kwenye beseni nilimokuwa nimeloweka mashati ya kazi ya mume wangu, akalitoa zito, linachuruzika povu.

"Mama! Leta!" mume wangu akaita.

Alimwita kwa mdomo wake mwenyewe, akimtazama usoni.

"Kamata, mwana yangu!" mama akajibu, na akampa. Mkononi. Vidole kwa vidole, mbele ya mtaa wote, na shefu akiwa shahidi.

Katani haiyeyuki. Mume wangu alipiga, akageuza, akapiga upande mwingine, nami nikapata akili ya kuchota maji. Ua ukazima. Vijana wakatupa nailoni zao, wakashika majembe, wakaufunika moto wa njiani kwa udongo. Upepo ukachoka tena, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na kilichobaki kikateremka polepole kwenda kufa kijitoni. Kwenye ua wetu kulikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Gunia la mama lilikuwa halina kitako.

Hapo ndipo wote wawili wakakumbuka. Mama akajifunika kitenge kichwani, akageukia ukuta. Mume wangu akageukia upande wa pili, akakohoa, na safari hii alikohoa kikohozi cha kweli, cha moshi. Watu wakaanza kutazama angani. Shefu, ambaye kwa mambo ya namna hii ana busara kuliko anavyoonekana, akafunga kifungo chake na kutangaza kwamba salongo imekwisha, asanteni, kila mtu arudi kwake.

Jioni nikaokota vitu vya mama sakafuni. Sikumuuliza. Nilivipanga kabatini, nikafunga mlango wa kabati taratibu. Aliona. Alichosema ni kwamba picha ya baba isiwekwe chini ya sufuria, marehemu hakupenda masizi akiwa hai.

Aibu ile ilitaka kuku wa kuifuta. Mume wangu alijua bila kuambiwa. Akaleta kuku mwekundu mnene, akamweka chini mbele yangu, nami nikampeleka kwa mama. Nilitegemea tutamla. Mama akamfunga mguu kwa ile kamba ya gunia, akampa makao kwenye kona ya sebule karibu na mlango, pale pale gunia lilipokuwa. Nilifikiri ni kwa muda. Kuku akataga.

Baada ya majuma machache nyuma ya ua kukawa kijani, nyasi changa za kufika kwenye kifundo cha mguu, na mbuzi wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Mwezi wa tisa ukafika, na moto ukaja kama kawaida yake, kutoka mbali, tuliusikia kabla ya kuuona. Ulifika mpaka ng'ambo ya kijito. Upande wetu haukuwa na cha kula. Tulisimama tukautazama ukipunguka, shefu akasema ndiyo faida ya usafi.

Furaha yangu haikudumu, kwa sababu mume wangu ni mtu wa haki, na mtu wa haki anachosha. Tangu siku ile alikuwa na neno moja tu: amechoma mali ya mama mkwe, lazima amrudishie. Kila akienda sokoni alitafuta gunia la katani. Nilimwambia hayapatikani siku hizi, siku hizi yote ni nailoni. Akasema ataagiza kutoka Dilolo. Nikamwambia ukimletea gunia atalijaza, na akilijaza ataondoka. Akaniuliza kama nataka mama akae kwa sababu hana pa kutia nguo. Nilitaka hivyo hasa.

Jioni moja tulikuwa uani, migongo kwa migongo kama desturi, na kuku akitembea na kamba yake katikati yetu.

"Ambia mama," mume wangu akasema, "ile saki iliungua juu ya kosa yangu. Anataka ya namna gani?"

Ujumbe huo niliushika kwa muda mrefu. Bukari ilianza kushika chini. Mama alikuwa amesikia, bila shaka, lakini hakutikisika. Nikafikiria kusema maneno mengine. Lakini wangeyasikia wote wawili.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "anauliza unataka saki ya namna gani."

Mama akavuta kamba taratibu, kuku akamjia miguuni.

"Ambia bwana yako, saki asitafute. Atafute jogoo. Hii kuku itakaa peke yake mpaka lini?"

Nikafuta macho, nikageuka nimfikishie mume wangu ujumbe. Nilimkuta ameshavaa viatu.